Nimeacha wanga miezi minne, sasa FT3 (homoni ya tezi) imeshuka. Ni tezi au ni chakula?

FundiMakambako

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, miaka 38, watoto watatu. Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 94, nikaamua kuacha wanga: ugali, wali, chapati, viazi, ndizi, hata maharage nikayaweka kando. Asubuhi mayai matatu na parachichi (huku kwetu msimu wake ukifika watu wanagawiana kwa ndoo), mchana sili kitu, jioni nyama au kuku na mboga za majani na kachumbari ya kabichi. Leo nina kilo 81. Magauni niliyojishonea mwaka juzi nayapunguza mwenyewe, raha tupu.

Shida ilianza mwezi wa tano. Baridi. Najua mtasema Makambako kipindi hiki kila mtu anasikia baridi, lakini mimi nimezaliwa huku, baridi ya huku naijua. Hii inatoka ndani. Nakaa kwenye cherehani na sweta mbili wakati mteja amesimama na blauzi, na vidole vimekufa ganzi hadi kutunga uzi kwenye sindano namuita binti yangu. Nikichana nywele zinabaki kwenye kitana. Choo ni siku ya tatu au ya nne. Hedhi imechelewa siku 16, na mimba si mimba, nimepima.

Nikaenda kupima damu. TSH 2.1 (karatasi inasema kawaida ni 0.4 hadi 4.0), FT4 14.8 (12 hadi 22), FT3 2.7 (3.1 hadi 6.8). Aliyenipokea hakunieleza kitu, kaandika "tezi dhaifu" na dawa ya levothairoksini mikrogramu 50, akasema nitameza maisha yangu yote. Sijanunua. Bibi yangu mzaa mama, wa Ludewa, alikuwa na rovu kubwa, ule uvimbe wa tezi shingoni, tukiwa wadogo tulikuwa tunaogopa kuliangalia. Kwa hiyo neno tezi kwangu si neno dogo.

Je, tezi yangu inaumwa kweli, au ni haya mayai na parachichi? Na kama ni chakula, ndiyo nirudi kwenye kilo 94?

Kitimoto_Ijumaa

Rudi kwenye ugali mama, mambo ya Wazungu hayo. Kama mahindi yanakunenepesha songa wa muhogo.

Mpimaji

Kitimoto, muhogo nao ni wanga mtupu, hujamsaidia.

Dada Fundi, mimi niko maabara, si daktari. Kabla sijasema lolote: unatumia chumvi gani nyumbani? Na baada ya nywele kuanza kutoka, kuna vidonge vyovyote vya nywele ulinunua?

FundiMakambako

Umenishtua. Chumvi nilibadilisha mwezi wa tatu, natumia ile ya pinki ya mawe, yule dada anayetufundisha diet kwenye simu alisema ya dukani ina kemikali. Na ndiyo, nameza vidonge vya nywele, kopo limeandikwa bayotini mikrogramu 10,000.

Mpimaji

Basi tuanze na karatasi yako.

Tezi inatoa zaidi homoni ya T4 (kwenye karatasi yako ni FT4, na T3 ni FT3). T4 ni kama unga, haujasongwa. Mwili, hasa ini, unaing'oa chembe moja ya ayodini (madini joto) kati ya nne, inabaki T3, na hiyo T3 ndiyo inayofanya kazi: kupasha mwili joto, kusukuma choo, kuendesha moyo. Ukipunguza sana chakula, na hasa wanga, mwili unasoma kwamba kuna njaa. Unapunguza kuisonga ile T4, na nyingine unaing'oa upande usiofaa, inakuwa T3 ya kinyume ambayo haina kazi. Ni kubana matumizi. Tezi yenyewe haina habari.

Ndiyo maana TSH ni muhimu. Hiyo ni sauti ya ubongo ikiihimiza tezi. Tezi ikizembea, sauti inapanda: 8, 15, nimewahi kuona hata 100. Yako ni 2.1 na FT4 iko mahali pake. Kwa namba hizo mimi nisingeandika "tezi dhaifu".

Jambo hili si geni. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu wanene waliokula kalori 800 kwa siku kwa wiki mbili. Walipokula bila wanga kabisa, T3 ilishuka asilimia 47. Watu walewale, kalori zilezile, ila ndani yake mna wanga gramu 50 au zaidi: T3 haikubadilika kwa kiasi cha maana. Gramu 50 ni karibu ndizi mbivu mbili. Si sinia la wali. Kwa hiyo swali lako la kilo 94 jibu lake ni hapana. Tena wewe unakula mara mbili tu kwa siku, nashuku tatizo si wanga peke yake, chakula chote ni kidogo. Hedhi kuchelewa nako kunanukia njaa.

Sasa bayotini. Ni vitamini, na mwili unahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku, wewe unameza 10,000. Baadhi ya mashine zetu zinatumia bayotini kwenye kipimo chenyewe, na ikizidi kwenye damu inazivuruga: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo, FT4 na FT3 juu kuliko zilivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hili mwaka 2017. Maana yake huenda FT3 yako halisi iko chini zaidi ya 2.7 na TSH iko juu zaidi ya 2.1, na hapo hata maneno yangu ya juu yanaweza kuyumba. Acha hivyo vidonge, mimi huwaambia watu wiki nzima ingawa wengi wanasema siku mbili zinatosha, kisha rudia. Usianze levothairoksini kwa karatasi hii.

Na chumvi. Wewe mjukuu wa Ludewa! Nyanda za juu kusini udongo wake ni maskini wa madini joto, ndiyo maana bibi zetu walikuwa na marovu na ndiyo maana chumvi ya dukani inatiwa madini joto. Hiyo ndiyo "kemikali" anayoisema dada yako wa kwenye simu. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Ya pinki ni nzuri kwa picha.

BintiKisauni

Mimi tezi yangu ni mgonjwa kweli, nameza levothairoksini mikrogramu 100 mwaka wa sita sasa. Nilipoacha wanga TSH ilipanda hadi 7.8, nikailaumu diet. Kumbe nilikuwa nikimeza dawa alfajiri na palepale nateremsha kahawa yenye siagi, ndiyo mtindo wa walioacha wanga. Daktari akaniambia dawa kwa maji matupu, kisha ningoje saa nzima. Chakula sikubadilisha, TSH ikarudi 2.4. Ramadhani naimeza saa tano usiku tumbo likishatulia.

Kwa hiyo dadangu, wanaomeza dawa na wasiomeza si kesi moja. Na ukija kuandikiwa dawa kihalali, usiogope. Mimi naishi nayo vizuri.

Mwana_Kivu

Kitimoto, huo muhogo usiusemee rahisi. Niko Bukavu. Kwenye kisiwa cha Idjwi, ziwani hapa, wataalamu walifanya utafiti tangu miaka ya 1960: madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilizidi upande wa kaskazini. Tofauti ilikuwa muhogo. Usipolowekwa vizuri unaacha sumu ambayo mwilini inageuka kitu kinachoizuia tezi kuchukua madini joto. Mwenye madini joto ya kutosha, na muhogo uliolowekwa siku zake, hana shida. Kachumbari ya kabichi hivyohivyo, mama, kula tu, ila si pamoja na hiyo chumvi ya picha.

Kitimoto_Ijumaa

Jamani nilitania.

FundiMakambako

Nimerudi, wiki saba zimepita. Nilimpata daktari mwingine, mtaratibu, akanishika shingo, akaniuliza nakula nini, wa kwanza kuniuliza. Bayotini niliacha siku kumi ndipo tukarudia: TSH 2.9, FT4 14.1, FT3 2.6. Kingamwili zinazoshambulia tezi hakuna. Akasema dawa ya nini, kula.

Sasa mchana nakula: maharage kikombe na ndizi, au kiazi kitamu kimoja na dagaa. Jioni kama zamani, ugali bado sijaurudia. Chumvi ya dukani, ya pinki nimempa jirani wa kuku (aoshee vyombo). Jumatatu nimepima tena: FT3 3.4, TSH 2.6. Hedhi imerudi. Kilo 82 na nusu, ile moja na nusu imeniuma kidogo, sidanganyi. Nywele bado zinatoka, Mpimaji kanijibu pembeni kwamba huwa zinachelewa kusikia habari njema, nizipe miezi miwili mitatu.

Sweta imebaki moja. Uzi natunga mwenyewe, ila ule mweusi kwenye kitambaa cheusi bado namuita binti. Huo nadhani ni miwani.