Tupeane uzoefu: PhD ya fedha huku unapiga kazi hapa Dar

Wakuu habari za jioni. Niko benki moja pale Posta, masters nilimaliza kitambo, sasa nataka kuingia PhD ya fedha, ile ya utafiti mtupu isiyo na vipindi vya darasani. Kila ninayemuuliza ananiambia "jipange", sasa nijipange kwa lipi, hela, muda au moyo? Mliopita huko na mliomo ndani njooni mmwage hapa, hasa suala la data maana naliogopa kuliko ada.

Mzee wa Tegeta
Umeogopa panapostahili mkuu. Mi niliingia na topiki ya utawala bora kwenye kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa, ripoti za mwaka ziko wazi mtandaoni, raha mustarehe. Supavaiza akaniacha niongee weee, halafu akachukua kalamu akaanza kukata. Soko letu lilianza biashara 1998 na kampuni bado hazijafika 30, toa za Kenya zilizojiorodhesha na huku, toa mabenki maana mizania yao haifanani na ya kiwanda cha bia au saruji, toa zilizoingia juzijuzi. Akanigeuzia karatasi, vimebaki vikampuni vya kuhesabu kwa vidole, akauliza "sasa hapa utapima nini?" Nikahamia mabenki moja kwa moja. Benki zinatakiwa kutangaza hesabu zao kila robo mwaka, zile kurasa za namba kwenye magazeti ambazo watu wanafungia maandazi, ndo zikawa mgodi wangu. Usiku naingiza namba mojamoja kwenye Excel, nyingine zimeskaniwa hovyo hujui ni 3 au 8, inabidi ujumlishe safu nzima na isipolingana unarudi juu. Ila nikapata topiki ya mikopo chechefu, ile ambayo wakopaji hawairudishi kwa wakati, yenye data ya kushiba. Data kwanza mkuu, topiki itajileta.

Wa Mtaa wa Kongo
Huyo alikaa kwenye feni, sisi wa madodoso acha tu. Utafiti wangu ni mitaji ya wafanyabiashara wadogo Kariakoo. Unafika dukani umechomekea, faili kwapani, hata salamu haijaitikiwa unaulizwa "wewe TRA?", wanakudhani mtu wa kodi. Barua ya chuo ninayo, ya mkoa, ya wilaya, ya mtaa, mihuri yote ipo, hazisaidii kitu. Swali la mauzo ya mwezi ndo balaa, mama mmoja alipofika hapo akaweka peni chini, akavuta khanga akafunika daftari la madeni, akaniambia mwanangu hilo mwachie Mungu. Halafu ukaja ule mgomo wa Mei 2023, maduka yamefungwa kwa mambo hayohayo ya kodi, nani tena akutajie mauzo? Nikalifuta lile swali, nikawa nauliza anaongeza mzigo mara ngapi kwa mwezi na anaulipia vipi, cash au mali kauli, yaani anachukua mzigo na kulipa akishauza. Hapo wanafunguka mpaka unatafuta karatasi ya ziada, na mzunguko wa mtaji unausoma humohumo. Faili nikaacha nyumbani, nikawa natambulishwa na dada yangu anayeuza vitenge.

Mama Wawili
Mi nina la supavaiza. Wangu alipata cheo kikubwa, chapta yangu ya pili ikalala mezani kwake kuanzia vuli mpaka masika, na ada haikusimama kumsubiri. Omba wawili tangu mwanzo, hata wakikuona mkorofi.

Kijana wa Kimara
Na pepa jamani, vyuo vinataka uchapishe. Ikija imeili inakuita "Profesa mtukufu" na inaahidi kuchapa ndani ya wiki kwa dola kadhaa, futa, hilo ni jarida la kitapeli.

Mleta mada
Shukrani sana wakuu. Swali moja, data za wateja wa hapa kazini kwetu siwezi kuzitumia?

Mzee wa Tegeta
Kuziona kazini sio ruhusa mkuu, siri ya mteja inalindwa na tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Omba kibali cha maandishi, ziondolewe majina na namba za akaunti kabla hazijatoka kwenye mfumo. Na kibali kiwe cha benki yenyewe, kisiwe cha mdomo wa bosi wako, maana bosi akihamishiwa Mwanza na wewe uko chapta ya tatu, anayekuja hakujui.