Sarafu ya kidijitali yenye wachimbaji wengi ni salama kweli?

Mtoa mada: Wakuu, kila siku nasikia eti nguvu ya uchimbaji, yaani ya kompyuta zinazoandika miamala, ikiwa kubwa, basi blokucheni, lile daftari la pamoja linaloungwa bloku kwa bloku, haiguswi. Sikubali. Ethereum Classic (ETC) haikuwa sarafu ya vichochoroni, lakini Agosti 2020 ilipigwa mara tatu. Shambulio la kwanza, kwa hesabu za Bitquery, kampuni inayochambua data za blokucheni, jamaa alikodi mashine kwa takriban dola 192,000. Akapeleka sarafu sokoni huku akichimba mnyororo wake wa bloku pembeni, kimya, usio na malipo hayo. Alipouachia, ulikuwa mrefu kuliko ule wa wenzake, mtandao ukaufuata, maana kanuni ni kufuata mnyororo wenye kazi kubwa zaidi, na sarafu alizokwisha kuzitoa zikamrudia. Zaidi ya dola milioni 5. Mashine za kuchimba Ethereum, sarafu nyingine, zilifaa kuchimba ETC pia, na Ethereum ilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi. Kwangu swali ni moja: nguvu hiyo inakodika?

Jiwe_la_Pwani: Hapo umeisemea Bitcoin bila kujua. Mashine zake hazina kazi nyingine ya maana. Ukiishambulia, unashusha bei ya vyuma vyako mwenyewe. China ilipowafukuza wachimbaji 2021, karibu nusu ya nguvu ilizimika, na bado hakuna aliyeipindua.

Mama Shufaa: Mwenye mashine ni mmoja, anayepanga bloku ni mwingine, mdogo wangu. GHash.IO, kundi la wachimbaji waliounganisha mashine zao, ilivuka nusu ya nguvu yote ya Bitcoin mwaka 2014, ingawa kwa muda mfupi. Wachimbaji wakahama kwa hiari yao. Wangekataa je?

Dalali wa Simu: Mie nanunua sarafu za watu mkononi. Nasubiri uthibitisho sita, yaani malipo yaingie kwenye bloku na zingine tano zifuate, mteja akinuna anune. Juzi kaja kijana na sarafu sijawahi kuisikia, anataka shilingi zake hapo hapo, boda inamsubiri nje. Sita zinanitosha?

Mtoa mada: Kwa huyo, hapana. Sita ni hesabu ya mshambuliaji mwenye nguvu ndogo, tuseme asilimia 10 ya mtandao. Akivuka nusu, atakufikia tu, ni suala la muda. Lile la ETC lilifuta bloku zaidi ya 3,000. Pochi yako hawezi kuifungua, ila alichokulipa yeye anaweza kukifuta.

Dalali wa Simu: Haya. Nilimpa nusu, nyingine nikamwambia arudi kesho. Hajarudi.

Mama Shufaa: Angalia pochi sasa hivi, usingoje sisi tumalize kubishana.