Je, inaruhusiwa kuzungushia kaburi ukuta katika makaburi ya umma?

Binti wa Ngamiani (Tanga)
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Marehemu baba yetu amezikwa katika makaburi ya umma hapa Tanga. Kaka zangu wanataka, kabla ya masika, kulizungushia kaburi lake ukuta mfupi wa matofali na kulipamba kwa vigae, na ukuta huo uchukue pia nafasi iliyo ubavuni ili mama, siku yake ikifika, alazwe hapo. Msimamizi wa makaburi amewazuia, lakini kaka mkubwa anashikilia kuwa kaburi ni letu. Mimi sitaki ugomvi makaburini, wala sitaki kaburi la baba lipotee kama yalivyopotea mengine yaliyomezwa na nyasi. Naomba wenye kujua watueleze kanuni zinavyosema.

Mstaafu wa Halmashauri
Wa alaykum salaam, mwanangu, na poleni kwa msiba. Msimamizi yuko sahihi. Familia inapozika katika makaburi ya umma haipewi umiliki wa ardhi ile. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982 imeyaweka makaburi ya umma mikononi mwa halmashauri, na ndiyo inayoipa uwezo wa kutunga sheria ndogo za kuyasimamia. Nendeni kwa mtendaji wa kata, muombe kuonyeshwa sheria ndogo zinazotumika, na kibali chochote mtakachopewa kiwe cha maandishi, kwa maana ruhusa ya mdomo huisha siku msimamizi anapobadilishwa.

Kaka yako ajue pia kwamba ukuta haulipi kaburi umilele. Kwa Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, Serikali ikihitaji ardhi kwa manufaa ya umma, kaburi lililojengewa huhamishwa sawa na lisilojengewa, na fidia huishia kwenye gharama za kuhamisha, kuzika upya na mila zinazoambatana na kazi hiyo.

Mwalimu wa Madrasa, Makorora
Nauongezea upande wa dini, kwa kuwa marehemu ni Muislamu na watu wengi wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika hadithi ya Jabir iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Wanazuoni wa Kishafi wamelikazia zaidi katazo hilo katika makaburi yaliyotolewa kwa Waislamu wote, wakasema jengo humo ni haramu na libomolewe, kwa sababu linawabania nafasi maiti wengine. Kwa hiyo linalonisikitisha zaidi katika mpango wenu ni ile nafasi ya ubavuni: mama yenu yu hai, Mungu ampe umri mrefu, na anayetangulia kufa ndiye mwenye haki ya shimo.

Kulitambulisha kaburi hakukatazwi. Mtume mwenyewe aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Inueni udongo kiasi cha shibiri moja na muweke jiwe kichwani.

Mkaazi wa Bagamoyo
Wapo watakaosema wazee wetu walijengea, kwani Kaole kwetu na Tongoni kwenu yamesimama makaburi ya mawe yenye nguzo. Ni kweli, lakini yale sasa yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na hayawezi kuwa kibali cha kujenga leo penye msongamano wa mji.

Nimeona kwa macho yangu madhara ya kuta hizi. Wabebao jeneza hulazimika kupita juu ya makaburi ya watu, na mvua kubwa ikinyesha, maji yanayozuiwa na ukuta wa familia moja hulititia kaburi la jirani. Fedha za matofali na vigae ingefaa zichangie uzio wa makaburi yote, maana mbuzi hawachagui kaburi.

Binti wa Ngamiani (Tanga)
Nawashukuru sana. Je, tukifyeka wenyewe na kuongeza mchanga palipotitia, tunahitaji kibali?

Mstaafu wa Halmashauri
Mjulisheni msimamizi kabla ya kuanza, ili awaonyeshe mipaka ya kaburi lenu na mahali pa kutupa nyasi. Msichome moto, na msichimbe mchanga humo humo makaburini. Uleteni kutoka nje.