Crown 2.5, Mark X au Fuga: nichukue ipi?

Mtoto_wa_Kimara: Wakuu, nimejikusanya, nataka kuagiza sedani ya kiutu uzima kutoka Japani. Zimebaki tatu, zote za injini ya lita 2.5: Toyota Crown Royal ya 2010, Toyota Mark X ya 2011 na Nissan Fuga ya 2011. Safari zangu ni Kimara–Posta kila siku, Tanga mara moja kwa mwezi.

FundiSpana: Mkuu, achana na nembo, fungua boneti. Hizo Toyota mbili zina injini ileile, 4GR-FSE. Nozeli zake zinapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa haziguswi na mafuta hata tone. Masizi yanaganda mgongoni mwake, na foleni ndiyo inayoyalisha. Dalili yake: ukiiwasha asubuhi inatetemeka kama mwenye homa. Injini yao ya lita 3.5, yaani 2GR-FSE, ina seti mbili za nozeli, nyingine inapuliza kabla ya valvu, basi valvu zinaoshwa. Tafuta Crown Athlete 3.5 au Mark X 350S.

Bi_Mikocheni: Na mafuta ya 3.5 utamwekea wewe?

FundiSpana: 😂 Dada, nimejibu kuhusu injini, sijajibu kuhusu mfuko.

Mzee_Gerezani: Vijana, mnajua kwa nini 2.5 zimejaa kwenye mnada? Kodi ya gari ya kila mwaka kule Japani inapanda injini ikivuka cc 2500, na hiyo 4GR ina 2499. Crown yenyewe ipo tangu 1955. Mwishoni mwa 2003 walianza upya kabisa, wakaiita Zero Crown: chasisi mpya, silinda sita za mstari zikaachwa, ikaja V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V. Hiyo ya 2010 ni ya toleo lililofuata. Upana wameubana kwenye milimita 1795 ili iingie kwenye maegesho ya kwao. Fuga ina 1845. Hizo sentimita tano utazikumbuka ukipishana na bajaji kichochoroni.

kaka_V6: Fuga mnaionea. Injini yake, VQ25HR, inapuliza petroli kwenye njia ya hewa, hayo masizi ya valvu si shida yake. Ila spea utazisaka. Za Crown na Mark X zinaingiliana, ukikosa huku unapata kule.

Bi_Mikocheni: Yoyote utakayochukua, chunga oili ya giaboksi. Mimi fundi mmoja aliniwekea ya bei chee badala ya WS, ile oili ya Toyota yenyewe, wiki ya pili gia zikaanza kugonga. Nilidhani nimegongwa nyuma.

Mtoto_wa_Kimara: Basi nimehamia Mark X 350S. Kodi ya uchakavu ni ileile, zote zimepita miaka kumi.

FundiSpana: Kabla hujatuma hela, omba video ya kuiwasha ikiwa ya baridi. Muuzaji akikutumia ya moto, mwambie arudie kesho alfajiri.