MJADALA: Ibrahim Ferrer aliokotwa na Mmarekani, au hadithi imepikwa?

Mleta mada:

Wadau, ukigusa tu habari za Ibrahim Ferrer, mwimbaji wa Cuba wa bolero, yaani nyimbo za mapenzi za polepole, utasimuliwa yale yale. Mzee alikuwa Havana akipiga viatu kiwi, mpiga gitaa wa Marekani Ry Cooder akamwibua, santuri ya Buena Vista Social Club, ya wanamuziki wazee wa Cuba, ikatoka 1997 na dunia ikapata nyota. Mimi naipinga hadithi hiyo.

Ferrer alizaliwa 1927 San Luis, karibu na Santiago de Cuba. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12, ikabidi auze vitu mtaani huku akiimba kwenye sherehe za watu. Miaka ya 1950 aliimba na Orquesta Chepín-Chovén, na wimbo wao wa El platanar de Bartolo ukavuma. Kisha akaingia kwa Pacho Alonso, katika bendi iliyokuja kujulikana kama Los Bocucos, akadumu nayo mpaka alipostaafu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi hiyo ilipiga hadi Ulaya mwaka 1962. Mtu kama huyo unamwokota wapi?

Viatu alipiga kiwi, ni kweli. Lakini tazameni ni lini. Umoja wa Kisovieti umevunjika 1991, mafuta na chakula vilivyokuwa vikitoka huko vimekatika, pensheni hainunui kitu. Havana nzima ilikuwa inabangaiza, wakiwemo madaktari na wahandisi.

Tena aliyekwenda kumchukua mwaka 1996 alikuwa Mcuba mwenzake, Juan de Marcos González wa bendi ya Sierra Maestra, ambaye alijua wazee hao wanapatikana wapi. Mpango wa mwanzo haukuwa hata wa wazee watupu. Nick Gold wa World Circuit, kampuni ya santuri ya London, alitaka kukutanisha wanamuziki wa Mali na wa Cuba. Wamali wakakwama kwa mambo ya viza, studio ya EGREM huko Havana imeshakodiwa, Cooder yuko njiani. Ndipo wakaitwa wazee. Bahati hiyo leo inaitwa ugunduzi!

Kilichonichosha kabisa ni tuzo za kwanza za Latin Grammy, mwaka 2000. Walimpa Ferrer tuzo ya msanii bora chipukizi akiwa na miaka 73.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, umeandika vizuri, ila umeruka jambo lililo kichwani mwa uzi wako mwenyewe: bolero. Miaka yote hiyo unayoihesabu, Ferrer alikuwa mtu wa guaracha na son za kasi, nyimbo za kuchangamsha ukumbi. Bolero aliipenda tangu ujana, lakini aliambiwa sauti yake haikufaa, na mwenyewe amelisema hilo kwenye mahojiano. Sasa msikilize akiimba Dos gardenias ya Isolina Carrillo. Haharakishi neno, anaimba kama anayeongea na mtu mmoja tu chumbani. Sauti hiyo Cuba ilikuwa nayo zaidi ya miaka 40, ikaitumia kuitikia na kuchezesha watu. Walioiachia bolero ni wale wageni wa studio, na mimi nawashukuru bila kinyongo.

Mchangiaji wa pili:

Nyote mnaongea kana kwamba Wacuba hawana maoni yao. Santuri hiyo ilipotoka, vijana wa Havana walikuwa wakicheza timba, muziki wao wa dansi wa kisasa, wa bendi kama NG La Banda na Los Van Van. Wapo waliochukia kuona dunia inataka magari chakavu na wazee wenye kofia, halafu inasema ndiyo Cuba. Na Marekani hiyo ya uokozi ilimtoza Cooder faini ya dola 25,000 kwa kuvunja vikwazo vyake dhidi ya Cuba. Mwaka 2004 ikamnyima Ferrer viza asiende kupokea Grammy ya albamu yake ya Buenos Hermanos. Mzee wa miaka 76, eti kwa usalama wa taifa.

Halafu, kwa faida ya vijana humu: muziki wa Cuba Afrika haukusubiri 1997. Santuri za GV, zilizobeba muziki huo, zilishafika zamani, na Salum Abdallah wa Morogoro aliiita bendi yake Cuban Marimba. Babu zetu hawakuhitaji Mzungu awaambie kuna watu wanaimba huko.

Mleta mada:

Mchangiaji wa kwanza, hoja ya bolero nzito, lakini inamwangukia nani? Pacho Alonso mwenyewe alikuwa mwimbaji wa bolero, tena mwenye jina. Kwenye bendi ya namna hiyo nafasi ya bolero ina mwenyewe, wewe wa pembeni utapewa za kurukaruka. Wanaojua dansi la hapa kwetu hawatashangaa. Huo ni ubosi wa bendi, na hauthibitishi kwamba nchi nzima ilikuwa kiziwi.

Studio ilimpa nafasi, sikatai. Mpaka anafariki Havana, Agosti 2005, alikuwa na albamu nyingine mkononi, Mi Sueño, ya bolero, ikatoka yeye hayupo. Kupewa nafasi ni kitu kimoja na kuokotwa ni kingine. Anayeng'ang'ania kuwa Cuba ilimtupa atuambie kwanza ni mstaafu gani wa Havana aliyekuwa anaishi kwa pensheni yake mwaka 1993.