Mjadala: Tamthilia zitoke zote kwa mkupuo, au sehemu moja kila wiki?

Wadau, swali ni hilo hapo juu. Kampuni za kutiririsha tamthilia mtandaoni zitupe msimu mzima siku moja, au zitugawie sehemu moja moja kama televisheni za zamani? Mimi niko upande wa kila wiki. Nasema mapema, nisije nikadhaniwa refa.

Tukumbushane kwanza tulifikaje hapa. Tarehe 1 Februari 2013 Netflix ilitoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa pamoja, na wengi tuliuona kama ukombozi: hakuna tena kupangiwa siku wala saa. Kisha Disney+ ilipoanza Novemba 2019 ikaileta The Mandalorian kwa mtindo wa zamani, wiki baada ya wiki. Leo hata Netflix yenyewe inakata vipande. Msimu wa nne wa Stranger Things ulitoka mara mbili, Mei na Julai 2022, na wa tano ukagawanywa mara tatu mwishoni mwa 2025.

Watetezi wa mkupuo hapa ndipo wanaporukia: "Mnaona? Ni ujanja wa kutukamua." Ni kweli kabisa. Usajili ni wa mwezi. Mtu anajiunga Ijumaa, anamaliza msimu Jumapili, anajitoa. Sehemu nane za kila wiki zinamshika karibu miezi miwili. Lakini mkupuo nao haukuletwa kwa huruma. Nani aliyeamua kwamba sehemu inayofuata ianze yenyewe kabla hujaokota rimoti? Mwaka 2017 Reed Hastings, aliyekuwa akiiongoza Netflix, alisema wazi kwamba wanashindana na usingizi wetu. Kwa hiyo biashara iko pande zote mbili, na hoja ya tamaa haimsaidii yeyote.

Hoja yenye uzito ni ya uhuru: nimelipa, niache nitazame nitakavyo. Hii naiheshimu, na ndiyo maana nataka tuitazame vizuri. Tamthilia ikitoka kila wiki, anayependa mkupuo bado ana njia: asubiri iishe, kisha aimalize usiku mmoja akitaka. Ikitoka yote siku moja, anayependa kwenda taratibu pamoja na wenzake hana njia. Anaweza kujizuia mwenyewe, sawa, lakini ataongea na nani? Mmoja kamaliza usiku uleule, mwingine yuko sehemu ya tatu, mwingine hajaanza. Mazungumzo yanaanza na "umefika wapi?" na yanaishia hapohapo, maana kila mtu anaogopa kumharibia mwenzake. Uhuru wa mmoja unaahirishwa tu. Wa mwingine unafutwa.

Najua jibu: anayesubiri ataharibiwa uhondo wiki zote hizo. Ndiyo, hilo linauma. Aliyekosa Game of Thrones Jumapili ile ya 2019 aliikimbia simu yake Jumatatu nzima. Ila pimeni kilichoharibika. Kwa mtindo wa kila wiki, hata mropokaji mkubwa kuliko wote anaweza kumwaga yale yaliyokwisha kuonyeshwa tu; mwisho haujui, hana tofauti na wewe. Kwa mkupuo, asubuhi ya pili tayari kuna watu wanaojua nani kafa sehemu ya mwisho, na wewe hujamaliza hata ya kwanza.

Halafu kuna ile wiki yenyewe ya katikati. WandaVision ya 2021 ilikuwa fumbo, na nusu ya utamu wake ilikuwa kubishana kuhusu kilichojificha kabla jibu halijaja. Chernobyl ya 2019 ilikuwa na sehemu tano tu, lakini mtazamaji alikuwa na siku saba za kwenda kusoma kuhusu ajali halisi ya kinu cha nyuklia ya 1986 kabla ya kurudi kwenye hadithi. Kwa mkupuo swali halipati nafasi hata ya kukukera. Linaulizwa, unabonyeza, limejibiwa.

Sasa niseme kinachonisumbua, kabla hamjanirushia: Squid Game. Sehemu zote tisa zilitoka siku moja, 17 Septemba 2021, na dunia nzima ikaizungumza. Siwezi kuizunguka hiyo. Ninachoona ni kwamba ilisambaa kwa watu kuambiana, huyu anamsukuma yule, hivyo mazungumzo yakarefuka yenyewe bila kalenda ya kampuni. Bahati hiyo haiangukii kila kazi. Tamthilia nyingi nzuri zinazikwa wikiendi ileile zilizozaliwa, kwa sababu wikiendi inayofuata kuna mzigo mwingine mpya.

Na si kila tamthilia inastahili kusubiriwa. Nyingine ni filamu moja ndefu iliyokatwakatwa: unakaa, hakijatokea kitu, inakatika katikati ya sentensi, eti rudi wiki ijayo. Kuishia patamu ni ufundi. Kuishia popote ni dharau. Vichekesho vifupi navyo, kwangu vitoke vyote, sina ugomvi.

Septemba 2020 Amazon ilitoa sehemu tatu za kwanza za msimu wa pili wa The Boys, zilizobaki kila wiki, ilhali msimu wa kwanza ulitoka wote. Watu wakaishushia nyota kwa hasira. Eric Kripke, kinara wa tamthilia hiyo, akaeleza kwamba watayarishaji wenyewe ndio walioutaka mpango huo. Hasira naielewa, mtu hapendi kubadilishiwa utaratibu akiwa keshazoea, lakini kuipa kazi alama mbaya kwa sababu ya kalenda ni utoto.

Kama lazima tukutane katikati, mfano wangu ni Arcane, Novemba 2021: sehemu tatu kila wiki kwa wiki tatu, na kila tatu zina mwanzo na mwisho wake. Aliyetaka kushiba alishiba, na bado kulikuwa na wiki ya kubishana.

Wa mkupuo, karibuni. Nina ombi moja tu: nitajieni tamthilia iliyotoka yote siku moja ambayo wiki ya sita bado mlikuwa mnaibishania. Squid Game nimeshawatajia mimi, hiyo haihesabiki.