Mjadala: Punda wa mikokoteni Arusha, waondolewe mjini au waachwe wafanye kazi?

Mwanzisha mada (Muriet)

Wakuu, habari za jioni. Hoja hii huibuka kila punda akigongwa na gari hapa mjini, watu wanabishana siku mbili tatu, kisha inapoa bila kufika popote. Upande mmoja wanasema Arusha ni jiji la utalii, uwanja wa AFCON 2027 unajengwa, na mikokoteni ya punda haina nafasi tena kwenye lami. Upande wa pili wanasema mwenye punda ni mnyonge anayetafuta riziki, aachwe. Msimamo wangu nautoa mapema: punda abaki, lakini mzigo wake, kamba zake na njia anayopita viwe na utaratibu unaosimamiwa, na anayekiuka aumie mfukoni.

Wanaotaka punda waondolewe hupenda kutaja farasi wa magari ya watalii huko New York. Agosti 2022 farasi aitwaye Ryder alianguka barabarani katikati ya jiji, video ikasambaa, ukaletwa muswada wenye jina lake wa kufuta biashara hiyo. Novemba 2025 kamati ya afya ya baraza la jiji ikaukataa. Chicago wao walishapiga marufuku kuanzia Januari 2021. Sawa. Ila wanaotaja New York hawasemi kwamba farasi wa kule, hata kabla ya kelele zote hizo, kisheria hafanyi kazi zaidi ya saa 9 kwa siku, na ana likizo isiyopungua wiki 5 kwa mwaka. Joto likizidi kiwango, anarudishwa zizini. Punda wa Arusha hana hata kimoja katika hivyo. Wenzetu wanabishana kama hizo kanuni zinatosha. Sisi bado hatujaanza kuzisimamia.

Tena farasi wale wanavuta watu walio matembezini. Punda wa Muriet anavuta maji ya watu.

Tusogee karibu tumwangalie. Mkokoteni wenyewe ni ekseli ya gari bovu, tairi mbili, mbao, na madumu ya lita 20. Dumu likijaa ni kilo 20. Panga 12 tu, hizo ni kilo 240, bado hujahesabu mkokoteni wala kijana aliyekaa juu na fimbo. Punda wetu wengi wana kilo kama 120 hadi 150. Kwenye tambarare, tairi zikiwa na upepo, punda mwenye afya anaweza kuvuta zaidi ya uzito wake bila kuumia. Lakini mji huu umekaa kwenye miteremko ya Meru, tambarare ni chache.

Na uzito pekee siyo kesi yote. Angalia umekaa wapi. Madumu yakirundikwa mbele, ile miti miwili anayofungiwa punda ubavuni inagandamiza mgongo wa punda kila tairi ikiingia shimoni. Yakirundikwa nyuma, miti inanyanyuka na kamba ya tumboni inamkaba. Kwenye mteremko ndiyo balaa, maana mkokoteni hauna breki. Breki ni punda mwenyewe: anakaza miguu ya nyuma, kwato zinateleza kwenye lami, na mzigo wote unamsukuma matakoni. Yule kijana juu anaona punda amegoma, anamchapa.

Halafu kamba. Punda anavuta kwa kifua. Ng'ombe ana nundu ya kushika nira, punda hana, ukimfunga nira ya ng'ombe inamkwaruza shingo na kumbana koo. Wengi wanatumia manila tupu, ile nyembamba ya kufungia magunia. Inakata palepale jana, leo na kesho. Kidonda hakipati nafasi ya kupona, mwenye punda anakipaka oili chafu ya gari, safari inaendelea. Mkanda mpana wa kifuani unaoshonwa kwa turubai na magunia laini yaliyokunjwa hauhitaji fundi wa kutoka mbali. Kinamama wa Ngaramtoni wanaoshona mikoba sokoni wanaweza kuushona.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008. Kumbebesha mnyama kupita uwezo wake na kumpiga kikatili ni kosa. Nauliza wenye uzoefu: nani amewahi kuona mtu akisimamishwa barabarani Arusha kwa sababu hiyo?

Dereva wa kirikuu (Sakina)

Mkuu, nimekusoma vizuri ila umeongea ya punda tu, ya watu umeyaacha. Njoo barabara ya Namanga saa moja usiku. Mkokoteni hauna taa wala kiakisi, punda mwenyewe wa kijivu, anayeendesha ni mtoto ambaye angetakiwa awe nyumbani anafanya hesabu za shule. Unakuja na mzigo wako, mbele kuna gari linakupiga taa machoni, unastuka uko mita tano kutoka kwenye madumu. Ukimkwepa punda unaingia kwa bodaboda. Kila siku sisi ndio tunaonekana hatuna utu.

Na kazi yenyewe siku hizi inafanywa na guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu. Guta linabeba zaidi, linafika haraka, halisikii maumivu. Anayempenda punda kweli angeshukuru guta limekuja. Mimi nasema mjini waondoke, wabaki vijijini ambako barabara ni ya vumbi na magari ni machache.

Mama mwenye punda (njia ya Kisongo)

Mwanangu dereva, shikamoo yako naipokea hata kama hukuitoa.

Guta ni mamilioni. Linataka petroli kila siku, linataka leseni, na likiharibika linataka fundi. Mimi nina punda wawili. Wanakula majani na mabua, wanaleta mahindi yangu mjini, wanarudi na pumba na sabuni za kibanda changu. Kabla yao mzigo ule ulikuwa mgongoni kwangu, kamba kwenye paji la uso, na mtoto tumboni. Mnaposema punda waondolewe mjini, semeni pia mzigo unarudi kwa nani. Hauendi kwenye guta. Unarudi kwa mwanamke.

Lakini na mimi nina neno kwa wenzangu. Punda mnayemwona na madonda mpaka nyama inaonekana, mara nyingi siyo wa mtu anayelala naye boma moja. Ni punda wa kukodisha. Tajiri ana punda watano mjini, anawapa vijana, jioni anataka hesabu yake, yaani fedha ya kila siku, kama ya bodaboda. Kijana akishatoa hesabu ndipo anaanza kutafuta chakula chake mwenyewe, kwa hiyo trip haziishi na madumu hayapungui. Punda akichoka siyo mali yake. Hata maji yale anayouza, punda wake hayanywi. Mtamkamata yule kijana, mtamwumiza maskini, na tajiri ataleta kijana mwingine kesho asubuhi.

Msaidizi wa mifugo (Tengeru)

Mama umegusa penyewe. Naongeza ya kitaalamu kidogo.

Punda anaficha maumivu. Ng'ombe akiumwa analala, mbuzi analia, punda anasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, na watu wanasema huyu mvumilivu. Akifika hatua ya kulala barabarani ujue alishaumwa muda mrefu. Ukitaka kumjua aliyechoka usimtazame usoni kwanza, tazama kwato: zikiwa ndefu zimepinda kama ndara iliyochakaa, kila hatua inavuta mishipa ya mguu. Halafu inua magunia ya mgongoni uone chini yake.

Oili chafu acheni. Inachoma nyama na haiui vijidudu. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, osha, acha kidonda kipate hewa, na umpumzishe, kwa sababu dawa yoyote chini ya kamba ileile ni kazi bure. Kidonda kilichochafuka kwa udongo na kinyesi ni mlango wa pepopunda, na punda akishakakamaa mwili ni vigumu kumrudisha.

Hapa kwetu siyo kwamba hakuna waliojaribu. Mashirika ya kutetea wanyama kama MAWO na ASPA yamefanya kazi na wenye punda Arusha miaka mingi, kutibu na kufundisha. Nilichojifunza kwa wafugaji ni kwamba anayefundishwa anabadilika kama punda ni wake. Wa kukodi hafundishiki, hana cha kupoteza.

Sasa mnaosema waondolewe mjini: punda asiye na kazi atakwenda wapi? Tumeshaona. Soko la ngozi za kutengenezea ejiao, ile dawa ya Kichina, liliwamaliza punda kwa kasi na wizi ukaongezeka. Serikali ikasitisha uchinjaji huo 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi bara zima. Walikuwa na sababu. Punda jike anabeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Kundi likishapungua halirudi haraka. Mtu mwenye punda asiyemwingizia kitu, akija mnunuzi wa gizani, atamuuza.

Mchangiaji (Moshi, Pasua)

Mnazungumza kana kwamba ni kufuta au kuacha. Bogotá, Kolombia, walikuwa na maelfu ya mikokoteni ya farasi iliyookota taka za kuuza. Mwaka 2013 jiji liliwabadilishia: toa farasi na mkokoteni, chukua gari dogo la mizigo, au fedha za kuanzia biashara au nyumba. Farasi wakagawiwa kwa watu wa kuwatunza. Waliondoa wanyama barabarani bila kumwacha mtu mikono mitupu. Kwa nini halmashauri za kwetu zisianze na wale wenye punda wengi wa kukodisha? Mikopo ya asilimia 10 ya vijana, wanawake na wenye ulemavu ipo kwenye kila halmashauri. Kikundi cha vijana wachukue guta moja.

Mwanzisha mada

Nashukuru kwa michango. Naomba nijibu kwa kirefu kidogo pale penye uzito.

Ndugu wa Moshi, wazo lako nalipenda kwa wale vijana wa hesabu, kwa sababu wao wanataka kipato, punda ni chombo tu kwao. Kwa mama wa Kisongo halifanyi kazi. Yeye hafanyi trip za mjini siku nzima, anakuja na kurudi, na punda wake anafanya kazi za shamba na za nyumbani pia. Sheria moja kwa wote wawili itamwonea yeye.

Hoja ya hesabu imenifanya nione pa kuanzia. Kila mkokoteni unaofanya biashara mjini uwe na namba ya kata, na namba iandikwe kwa jina la mwenye punda, siyo la anayeendesha. Punda akikutwa na kidonda kibichi chini ya kamba, au madumu yamezidi idadi iliyokubaliwa, faini iende kwa jina lililo kwenye namba. Tajiri akilipa mara mbili tatu atanunua mkanda wa kifuani mwenyewe na kupunguza hesabu, hatasubiri semina. Idadi ya madumu ndiyo njia rahisi ya kupima, kwa sababu hakuna atakayetembea na mizani barabarani, lakini kila mtu anajua kuhesabu madumu. Kwa mtaa wa mlima idadi iwe ndogo, kwa tambarare iwe kubwa kidogo, na wataalamu kama wa Tengeru ndio waipange.

Msimamizi asiwe mgambo. Nalisema hili kwa uchungu, maana najua kinachotokea mgambo akipewa kazi hii: punda atakamatwa pale soko la Kilombero, atafungwa kwenye yadi bila maji wala majani hadi mwenyewe apate fedha za kumkomboa, na mateso yatakuwa yamehamia serikalini. Awe bwana mifugo, siku ya soko, mahali ambapo punda wamefunguliwa na anaweza kumshika mnyama, kuinua gunia na kuangalia. Na palepale sokoni pawe na birika la maji na kivuli. Tunajenga vyoo vya kulipia na maegesho ya bodaboda, hatushindwi kujenga birika.

Punda mwenye mimba kubwa asivute kabisa. Hapo sioni cha kujadili.

Ndugu yangu dereva, la usiku nakuunga mkono moja kwa moja. Kuanzia giza linapoingia mkokoteni usiwe barabara kuu, na viakisi viwe lazima nyuma na ubavuni hata asubuhi. Mtoto wa umri wa shule asiendeshe. Hilo linamlinda mtoto kabla ya gari lako.

Mama mwenye punda

Namba nakubali. Faini kwa mwenye mali nakubali. Lakini namba ikianza kulipiwa kila mwaka kama leseni ya biashara, yule tajiri atalipa na mimi nitashindwa, halafu mtasema wasiolipa waondoke. Kwa mwenye punda mmoja au wawili iwe bure. Iandikwe hivyo tangu mwanzo.

Dereva wa kirikuu

Mama, shikamoo. Viakisi na kutotembea usiku, hapo tuko pamoja. Kwenye barabara kuu mchana bado sikubali. Mwanzisha mada umesema njia yake iwe na utaratibu, lakini njia hiyo hujaitaja. Kutoka Kisongo kuja mjini, pembeni ya lami kuna mtaro upande huu na vibanda upande ule. Punda apite wapi?

Mwanzisha mada

Mkuu, kwa kipande hicho sina njia ya kukuonyesha leo, na huo ndio udhaifu wa hoja yangu mpaka sasa. Mitaa ya ndani ya Muriet na Olasiti inaunganika, punda wa maji hana sababu ya kugusa barabara kuu. Kwa wanaotoka Kisongo, barabara inapopanuliwa wapanga miji wanachora njia ya waenda kwa miguu na ya baiskeli. Nataka tuwaulize kwenye mkutano wa kata kama upana huo unaweza kupitisha mkokoteni asubuhi, kabla vibanda havijafunguliwa. Wenye ndugu kwenye kata za Kisongo, Olasiti na Sombetini, semeni hapa mikutano yenu inaitishwa lini.